Jeneza Jukwaani: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Igizo la Nyimbo la Kuchekesha na Kuliza

Vikundi vinavyoniletea miswada hapa Dodoma vina ugonjwa mmoja. Vinataka igizo la nyimbo lenye mapenzi, kifo, kicheko na toba, vyote usiku mmoja. Dakika ishirini za kwanza watu wanacheka. Kisha mtu anafariki jukwaani na watu wanaendelea kucheka, kwa sababu hakuna kilichowafanya waache. Mwishoni mkosaji anapiga magoti, kwaya inaimba, na safu ya nyuma imeshaanza kuulizana nani ana namba ya bodaboda.

Vipaji vipo. Kinachokosewa ni kwamba kicheko na kilio vimeandikwa kama walinzi wawili wanaopokezana zamu. Nenda kwenye msiba wenye watani uone. Mtani anajilaza kaburini kabla ya marehemu na kudai alipwe ndipo atoke. Anaiga mwendo wa marehemu. Mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Tunachotaka ni kulihamishia jambo hilo jukwaani, basi.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi wa majeneza pale Majengo anauza plaiwudi iliyopakwa vanishi kwa bei ya mninga. Siku ya mazishi kitako cha jeneza kinafunguka mbele ya watu. Mjane anamfuata dukani kudai pesa zake. Fundi anampenda. Kuna pia bibi yake Mjane, ambaye ndiye mtani wetu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Watu tisa hadi kumi na wawili. Wanne wa kuigiza na kuimba, waliobaki wawe waombolezaji, wateja na waitikiaji. Zaidi ya hapo utashinda ukigawa chai.
- Nyimbo sita au saba, zote mpya. Ukichukua wimbo wa mtu, utahitaji idhini yake na utaingia kwenye mambo ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tunga wako.
- Ala: ilimba (ala ya vidole gumba ya Wagogo) au zeze moja, ngoma mbili tatu, na kayamba. Kinanda si lazima; sababu iko hatua ya 5.
- Jeneza moja la kuigizia. Usiazime la kweli.
- Kitambaa cheupe mita tano, khanga za kutosha, godoro moja la zamani.
- Taa na maiki, pamoja na jenereta ya akiba na mafuta yake.
- Daftari la kicheko. Mtu mmoja asiyeigiza aandike kila sehemu watu walipocheka, na kila sehemu walipokaa kimya. Bila daftari hili utabishana na kikundi chako mwezi mzima.
- Vibali. Michezo ya jukwaani iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na vikundi husajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, ukiwa na mswada mkononi, mapema. Ukimaliza, pita kwa mwenyekiti wa mtaa umwambie kutakuwa na kelele.

## Hatua ya 1: Andika deni kabla ya kuandika mtu

Toba bila deni linalohesabika ni mahubiri. "Fundi alikuwa mtu mbaya" haitoshi. "Fundi alilipwa pesa ya mninga akatoa plaiwudi" inatosha, kwa sababu kila mtu ukumbini anaweza kuliona kosa, kulipima, na kusubiri lilipwe.

Angalizo: usianze na mauaji. Wengi hudhani giza maana yake ni damu. Mtu akiua dakika ya tano, hakuna wimbo utakaomrudisha kwetu saa moja baadaye. Kosa dogo la aibu, lile ambalo hata mtazamaji angeweza kulifanya akibanwa na ada za watoto, ndilo linaloleta kicheko cha kujikuna.

*Umefanikiwa ukiona:* ukiwauliza waigizaji wote "Anadaiwa nini, na nani?", wanakujibu sentensi ileile moja.

## Hatua ya 2: Mpe mzaha mwenye haki nao

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msibani si kila mtu anatania. Anayetania ni mwenye utani: mjukuu, bibi, shemeji, mtu wa kabila la watani. Na anatania kwa sababu msiba ni wake pia. Jukwaani kanuni ni hiyohiyo. Mzaha wowote kuhusu kifo utoke kwa mtu ambaye kifo hicho kimempunguzia kitu.

Chukua mzaha huu. Waombolezaji wamekaa. Hakuna anayethubutu kutaja lile tukio la jeneza kufunguka. Bibi anamgeukia Mjane:

"Mke mwenzangu, usilie. Mume wetu hakuwa mtu wa kukaa ndani. Hata jenezani katoka."

Ukiuweka mdomoni mwa jirani, ni tusi na ukumbi utaguna. Ukiuweka mdomoni mwa Fundi, atachukiwa hadi mwisho na mapenzi yamekufa hapo. Mdomoni mwa bibi, anayemwita mjukuu wake mke mwenza kama mabibi wote wanavyofanya, ukumbi unapasuka. Sekunde mbili baadaye watu wanatazama mikono ya bibi na kuona inatetemeka. Maneno ni yaleyale herufi kwa herufi.

Fundi naye anachekesha, lakini kwa njia nyingine: hajui kama anachekesha. Yeye ni mfanyabiashara. Ana lugha ya duka. Mteja akitoka na jeneza, Fundi kwa mazoea anasema, "Karibu tena."

Usimpe Fundi kichekesho chochote cha makusudi. Mpe adabu za biashara mahali zisipofaa, na umwache.

Kuna kanuni moja ya sentensi: neno lenye sumu likae mwisho. Linganisha:

"Ukinirudishia jeneza, mama, pesa zako nitakupa."

"Mama, pesa zako zipo. Nirudishie jeneza."

La kwanza linakufa katikati, kwa sababu watu wameshacheka kwenye "jeneza" na maneno manne bado yanakuja kuwafunika. La pili linaishia kwenye jiwe. Pitia mswada mzima ukiwa na kalamu nyekundu na uhamishe maneno hayo.

Angalizo: usiguse ugonjwa wa mtu fulani anayejulikana, wala msiba uliotokea karibuni mjini. Kuna mtu safu ya tatu alizika wiki iliyopita. Akicheka na bibi umeshinda; akitoka nje umeshindwa, hata kama waliobaki mia wanapiga makofi.

*Umefanikiwa ukiona:* kwenye usomaji wa kwanza wa mezani, mtu anacheka halafu anasema "jamani!" na kuziba mdomo. Mwandike kwenye daftari.

## Hatua ya 3: Mapenzi yapite kwenye mikono

Neno "nakupenda" lisitamkwe kabla ya theluthi ya mwisho. Kabla ya hapo mapenzi yaonekane kwenye kitu kinachoshikika.

Katika mfano wetu ni pesa. Fundi anamwambia Mjane hana pesa zote, atalipa kidogo kidogo, kila jioni. Onyesho la tatu tunaiona droo yake: pesa zote zimo. Analipa kwa mafungu ili Mjane arudi kesho. Mjane naye si mjinga. Onyesho la nne anahesabu noti, anatoa moja, anaiweka mezani. "Umezidisha. Chukua chenji." Hajazidishiwa. Anairudisha ili deni lisiishe.

Hakuna aliyesema lolote kuhusu moyo, na ukumbi mzima umeshajua. Ukipata kitendo cha namna hii, futa mazungumzo yote ya mapenzi uliyoandika. Utaumia kidogo. Futa.

## Hatua ya 4: Tunga nyimbo zinazofanya kazi

Wimbo usiobadilisha kitu ni tangazo la soda katikati ya habari. Kabla ya kila wimbo andika mstari mmoja: kabla ya kuimba alikuwa hajui nini, baada ya kuimba anajua nini. Ukishindwa kuandika mstari huo, ondoa wimbo.

Maneno kwanza, sauti baadaye. Hesabu mizani. Huu ni wimbo wa kwanza wa Fundi, akitembeza mteja dukani, mizani sita kwa nane:

*Hili la tajiri, lina mto na pazia,*
*Hili la mwalimu, msumari twapimia,*
*Hili la mkopo, ukifufuka lipia.*

Sauti iwe ya haraka na ya furaha, kama mtu anayeuza nyanya soko la Sabasaba. Giza liko kwenye maneno, kwa hiyo muziki usilie. Vikundi vingi vinaweka sauti ya huzuni kwenye maneno ya mzaha, vyote viwili vikauana.

Sasa tunza sauti hiyohiyo. Mwisho wa igizo Fundi ataiimba tena polepole, bila ngoma, kwa maneno mengine:

*Hili la mninga, kila ubao nalia.*

Watu wataitambua kabla hawajajua kwa nini imewashika koo. Hii ndiyo faida kubwa ya igizo la nyimbo kuliko igizo la maneno matupu, na sioni kwa nini vikundi havitumii.

Mkazo wa neno. Kwa kawaida Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ikivuta silabi nyingine, neno linapotea, na mara nyingine linageuka. Tulikuwa na kijana mwenye sauti nzuri sana aliyepaswa kuimba kwamba anampenda binti "barabara", yaani sawasawa, neno lisilofuata kanuni hiyo: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwanzo. Mtunzi alivuta ya tatu. Kijana akasimama kwenye mwanga, mkono kifuani, akamwimbia mpenzi wake kuhusu njia ya magari. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Ya lami?" Wimbo uliisha pale.

Dawa: soma shairi kwa sauti ya kawaida, weka alama chini ya kila silabi inayokazwa, kisha hakikisha mapigo mazito ya ngoma yanaangukia hapo.

*Umefanikiwa ukiona:* mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo anaweza kukusimulia ulichosema baada ya kuusikia mara moja.

## Hatua ya 5: Ala na koo

Hapa tulipo tuna utajiri na bado tunakimbilia kinanda. Ilimba, zeze na ngoma za muheme ziko jirani. Chamwino si mbali. Tatizo ni kuzichanganya ovyo. Ngazi ya sauti tano ya Kigogo inafuata sauti za asili za uzi, na mojawapo huangukia chini kidogo ya noti ya kinanda. Ukizipiga pamoja bila kulijua hilo, hadhira itadhani mwimbaji ndiye mwenye kosa.

Chagua moja. Wimbo wa ilimba uwe wa ilimba, na mwimbaji ajifunzie kwenye ilimba hiyohiyo tangu siku ya kwanza, asiazime sauti ya kwenye simu. Ukitaka kusikia koo linavyoweza kuruka kutoka kifuani hadi juu kabisa bila kukatika, tafuta rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003. Usimwige. Sikiliza tu uone ni nafasi kiasi gani iko kati ya kilio na kicheko kwenye koo la mtu mmoja.

Muheme ni ngoma za kina mama. Waombe wenyewe waje wapige. Wavulana wa kikundi wataonekana wanaigiza kupiga.

## Hatua ya 6: Tengeneza jeneza

1. Urefu sentimita 190, upana wa mabegani 60. Plaiwudi nyepesi juu ya fremu ya mbao laini. Watu wanne walibebe wakiwa wanaimba bila kuhema.
2. Kitako kiwe na bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, komeo lenye kamba inayofika kwenye mkono wa mbebaji wa nyuma. Akivuta, kinafunguka.
3. Toboa matundu ya hewa pembeni, upande usioonekana na watazamaji. Kidole gumba kipite.
4. Kifuniko kikae tu. Hakuna misumari, hakuna kufuli.
5. Piga msasa ndani. Kibanzi cha mbao kitamfanya marehemu aruke.

Onyo lisilo na mjadala: kitako kinapofunguka, kinachoanguka ni godoro lililoviringishwa ndani ya kitambaa cheupe. Mtu asianguke kamwe, hata kama kijana wako anasema ameshazoea sarakasi. Kabla ya maonyesho ambayo mtu wa kweli analala humo, komeo lifungwe kwa skrubu, na mtu mmoja mwenye jukumu hilo alikague.

Muulize mwigizaji kama yuko radhi kulala kwenye jeneza. Wengine hawataki, na si woga wa kitoto. Akisema hapana, badilisha mwigizaji au abaki amesimama pembeni yake.

Na mahali pa kulitunza. Mimi la kwanza nililiweka barazani kwangu usiku, vanishi ikauke. Asubuhi niliamshwa na vilio. Majirani wameshafunga khanga viunoni, mafiga matatu yamewekwa, mama mmoja ameleta mchele, na kijana wa nyumba ya pili amefungua daftari la rambirambi lenye majina saba. Nilipotoka nje nikiwa mzima, walikasirika. Kurudisha zile pesa za watu ilinichukua siku nzima, na mwenye mchele hadi leo ananiita marehemu. Litunze ukumbini, lifunike turubai, na uandike juu yake IGIZO kwa herufi kubwa.

## Hatua ya 7: Fanya mazoezi ya kunyamaza

Wiki sita zinatosha mkikutana mara tatu kwa wiki. Mbili za mezani na nyimbo, tatu za kusimama, moja ya kupitia yote mfululizo.

Zoezi ninalolipenda: pitieni onyesho zima bila kutamka mzaha wowote. Ukifika pale penye mzaha, mwigizaji anyamaze, ahesabu moyoni hadi tatu, aendelee. Mtagundua mizaha mingi haikuhitajika. Uso ulishamaliza kazi.

Wafundishe kusubiri kicheko. Mwigizaji mgeni akisikia watu wanacheka huongeza sauti au hukimbilia mstari unaofuata. Asubiri kicheko kipande, kifike juu, kianze kushuka, na kabla hakijaisha aseme mstari wake. Kikiisha kabisa ameshachelewa.

Anayechekesha asicheke. Bibi akitabasamu tu, umegeuza igizo kuwa vichekesho vya harusi.

*Umefanikiwa ukiona:* daftari la kicheko linaonyesha kicheko kinapungua kidogo kidogo kadiri igizo linavyosonga, ilhali hakuna anayetazama simu.

## Hatua ya 8: Toba ilipwe

Kosa la kawaida: mkosaji anaomba msamaha, anasamehewa, kwaya. Ukumbi hauamini kwa sababu hakijatoka kitu mfukoni.

Katika igizo letu Bibi amekuwa akija dukani tangu onyesho la pili kujichagulia jeneza. Anajilaza kwenye kila moja. "Hili linabana mabega. Hili linanuka gundi, nitapiga chafya." Watu wamemzoea, wanamsubiri. Onyesho la sita anajilaza kwenye lile la bei rahisi, na safari hii haamki.

Msiweke muziki hapo. Acha watu waendelee kucheka. Watacheka, kwa sababu mmewazoesha. Fundi anamwambia aamke, duka linafungwa. Anasema "Karibu tena." Kicheko kitakufa chenyewe, safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma, na utakisikia kinavyokufa.

Fundi hana mninga, na pesa alizokuwa akizificha ameshamlipa Mjane. Ana kitanda cha mninga alichoachiwa na mama yake. Anakivunja jukwaani, ubao kwa ubao. Hapa ndipo ile sauti ya kwanza inarudi polepole. Asiombe msamaha. Arande mbao tu.

Kisha rudisha kicheko, kidogo. Mjane anakuta fundo kwenye khanga ya Bibi. Ndani yake mna pesa za jeneza la plaiwudi, kamili. Bibi alikuwa anajua bei halisi muda wote. Mjane anazisukuma mezani kuelekea kwa Fundi. Fundi anahesabu, anatoa noti moja, anairudisha.

"Chenji," anasema.

Zima taa. Mchungaji asiingie, shehe asiingie, mwenyekiti asitoe hotuba.

## Hatua ya 9: Usiku wa onyesho Dodoma

Majira. Mvua zinaanza karibu na Desemba hadi Aprili, kwa hiyo onyesho la wazi lipange baada ya hapo. Juni na Julai usiku ni baridi; waambie watu waje na mashuka, mtu anayetetemeka hacheki.

Upepo. Ndiye adui yako. Funga mapazia kwa mawe chini. Maiki zivishwe sponji, la sivyo wimbo mzima utakuwa mtu anapuliza chupa. Mwagia maji uwanja saa kumi jioni, vumbi litulie.

Saa. Jua linazama karibu saa 12 na nusu. Tangaza saa 12, anza saa 1 kamili gizani. Taa zako hazitashindana na jua.

Umeme. Jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta. Fanyeni zoezi moja mkiwa gizani kabisa: umeme ukikatika, anayeimba aendelee kuimba, wa ngoma washike, watu wawili wawashe tochi za simu kuelekea kwenye uso wake. Ukumbi mmoja tulikatikiwa wakati Fundi anavunja kitanda. Hakuacha. Watu walisikia mbao tu gizani, na ndilo onyesho wanalolisimulia mpaka leo.

Baada ya onyesho. Jeneza livunjwe au lifungwe turubai usiku uleule. Daima atabaki mtu mmoja anayezunguka jukwaa, anagonga mbao kwa kidole, anauliza mnaliuza kiasi gani, maana ana mgonjwa nyumbani. Usimpe, hata bure. Kitako kina bawaba.